Wote Wakiwa Wateule, Nani Atavuna Maji?

Dini tatu zilizotoka katika nyumba ya Ibrahimu zina watu walioitwa kwa majina yao kufanya kazi ambayo jirani zao hawakuitwa kuifanya. Zinafundisha pia kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu. Mambo haya mawili hayakai pamoja kwa urahisi, na wanateolojia wamehangaika nayo kwa karne nyingi. Kama wote ni sawa, kwa nini Musa na si mchungaji mwenzake? Na kama uteule ni jambo jema, kwa nini usigawiwe kila mtu? Kwa kawaida maswali haya hujibiwa kwa hoja tu, maana hakuna mwanadamu awezaye kuumba ulimwengu, akawateua wachache ndani yake, kisha akageuza sheria akawateua wote ili aone kitakachotokea. Lakini tarehe 26 Juni 2003 kampuni ya Sony Online Entertainment ya Marekani ilifungua mchezo wa kompyuta ambao, pasipo wasanifu wake kukusudia, ulikuja kuwa jaribio la namna hiyo hasa. Uliitwa Star Wars Galaxies, na maelfu ya watu waliingia humo kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake, wakaishi katika sayari zilizokuwa zikijulikana kwa filamu tu.

Wakati wa mchezo ulipangwa uwe kati ya filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, na ile iliyoifuata mwaka 1980. Ugumu wote ulianzia hapo. Katika kipindi hicho cha hadithi Jedi, wapiganaji watawa wanaoongozwa na Nguvu inayoenea katika viumbe vyote, karibu wamekwisha. Obi-Wan amekufa, Yoda amejificha, na kijana Luke Skywalker bado hajajua nusu ya anachopaswa kujua. Filamu inaweza kutosheka na mteule mmoja kwa sababu watazamaji wameketi vitini wakimwangalia. Mchezo wa mtandaoni hauna watazamaji. Kila aliyelipa ada ya mwezi yumo ndani ya hadithi, na wengi walilipa kwa ajili ya upanga wa mwanga, silaha ya Jedi. Msanifu mkuu, Raph Koster, ambaye kabla ya hapo aliongoza usanifu wa Ultima Online ya mwaka 1997, aliona kwamba kabla ya kumtafuta mteule lazima pawepo jamii ya kumzunguka. Akajenga fani zaidi ya 30, na nyingi hazikuhusu vita hata kidogo. Mhunzi wa silaha alitafuta madini yaliyojitokeza mahali fulani kwa muda mfupi, yakiwa na ugumu wake na uwezo wake wa kupitisha umeme, kisha yakatoweka, yasirudi tena jinsi yalivyokuwa. Aliyeyawahi akayaweka akiba alitengeneza bunduki ambayo mwenzake hakuweza kuiiga, na jina lake likavuma seva nzima. Mpiganaji aliyerudi akiwa amechoka akili hakutibiwa kwa dawa. Ilimbidi aende kuketi kilabuni, katika mji wa Mos Eisley au wa Coronet, amtazame mcheza dansi, na mcheza dansi huyo alikuwa mtu halisi, ameketi mbele ya kompyuta yake katika mji usiojulikana. Mtu aliweza hata kusimika mitambo ya kuvuna unyevu wa hewa katika jangwa la sayari ya Tatooine, kazi ileile aliyoifanya Owen Lars, baba mdogo wa Luke, hadi siku askari wa Himaya walipomuua.

Na Jedi je? Njia ya kuwa Jedi ilikuwepo, ila ilifichwa. Koster ameeleza baadaye kwamba wazo la awali lilikuwa pana zaidi, kila mchezaji awe na orodha yake ya siri ya mambo ya aina mbalimbali ya kutimiza, lakini muda uliwabana, ikabaki orodha ya fani tu. Kompyuta ilimchagulia kila mtu fani kadhaa bila kumwambia, na aliyebahatika kuzikamilisha zote angefunguliwa mlango. Katika miezi ya kwanza hakuna aliyejua. Watu walifuma, walitibu, walifuga wanyama, walijenga nyumba, na penye mashaka walisema huenda siku moja Nguvu ikawagusa. Mwishoni mwa mwaka wakubwa wa biashara walitaka Jedi waanze kuonekana kabla ya Krismasi, basi vikaingizwa vifaa vidogo viitwavyo holokroni. Aliyeokota kimoja akakifungua aliambiwa fani inayofuata katika orodha yake. Kabla mwaka 2003 haujaisha, Jedi wa kwanza alikwisha kupatikana.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kiini cha hoja yangu. Mhusika mmoja alikuwa na nafasi ya fani chache tu kwa wakati mmoja. Basi holokroni ikimwambia daktari kwamba zamu inayofuata ni ya ucheza dansi, ilimbidi asahau udaktari. Waliokuwa wakimtegemea kwa tiba walimkosa siku hiyohiyo. Alikwenda kilabuni, akaiamuru kompyuta irudierudie hatua zilezile za dansi, akaenda kulala, na asubuhi akakuta amepanda daraja. Vilabu vikajaa wacheza dansi ambao hakuna mtu nyuma yao. Katika ufundi palikuwa na jambo la kusikitisha zaidi: fundi aliweza kuchagua kufanya kazi kama zoezi tu, malighafi ikatumika, kisitengenezwe kitu chochote, ila uzoefu wake ukaongezeka zaidi kidogo kuliko wa yule aliyetengeneza kitu. Maelfu walichagua hivyo. Mtu aliyependa ushonaji kwa moyo wote aliuacha. Mtu aliyechukia upishi alipika vyakula mia kadhaa ambavyo havikuwahi kuwepo. Hakuna aliyelazimishwa. Sheria za ulimwengu huo hazikubadilika hata moja isipokuwa hii, kwamba sasa kazi ilijulikana kuwa ngazi.

Wakristo wa karne ya tano waligombana juu ya ngazi hii. Pelagius alifundisha kwamba mtu anaweza kwa juhudi zake kutimiza anachotakiwa na Mungu. Augustino akashikilia kwamba neema haipatikani kwa jasho, kwa maana ikishapatikana hivyo imekuwa ujira. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliulaani upande wa Pelagius. Katika Uislamu mjadala ulichukua sura nyingine. Al-Farabi na Ibn Sina waliuona unabii kuwa kilele cha ukamilifu wa akili ya mwanadamu, na wanazuoni wa Kiashari wakasisitiza kwamba unabii ni kipawa cha Mwenyezi Mungu kwa amtakaye, wala hakuna mazoezi yanayouleta. Wengi hudhani upande wa Augustino na wa Kiashari ni mgumu usio na huruma, kwamba unamnyima mwenye bidii haki yake. Mimi naona yaliyotokea Tatooine yanautetea, tena kwa sababu ambayo haikutajwa sana katika vitabu. Uteule ukiwa ujira, kinachoharibika kwanza ni kazi. Tazama walioitwa katika vitabu vitakatifu walikuwa wakifanya nini. Musa alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe. Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Kwa Waislamu imepokewa kwamba hakuna nabii ambaye hakuchunga. Hakuna kati yao aliyechunga ili aitwe. Alichunga kwa sababu wanyama wanahitaji majani na maji, na mwito ulimkuta hapo. Musa angekuwa anahesabu siku zake za uchungaji akisubiri kijiti kiwake, kondoo wangekufa kwa kiu, na aliyeitwa asingekuwa mtu aliyejifunza kuongoza viumbe visivyojua njia.

Miaka miwili baadaye jaribio liligeuzwa kichwa chini. Tarehe 15 Novemba 2005 kampuni iliubadilisha mchezo wote kwa mara moja: fani zaidi ya 30 zikafanywa 9, na Jedi akawa mmojawapo wa wahusika ambao mtu yeyote angeweza kuwachagua dakika ya kwanza anapofungua mchezo. Wafuga wanyama waliondolewa kabisa katika orodha. Nyongeza ya mchezo ilikuwa imetoka tarehe 1 ya mwezi huohuo, na waliokwisha kuilipia bila kujua kinachokuja ilibidi waahidiwe kurudishiwa fedha. Sababu ilielezwa hadharani mwezi Desemba, pale ofisa wa LucasArts, kampuni mshirika wa Sony katika mchezo huo, alipoliambia gazeti la New York Times kwamba wachezaji wapewe nafasi ya kuwa mashujaa wa filamu, Han Solo au Luke Skywalker, badala ya kuwa Owen, yule mkulima wa unyevu. Naichukua kauli hiyo kwa uzito wote, kwa kuwa ndani yake mna imani kamili juu ya mwanadamu: kwamba yapo maisha yanayostahili kuishi, nayo ni ya shujaa, na yapo maisha ya kujaza nafasi, nayo ni ya anayeleta maji. Aliyesema hivyo huenda alikuwa anazungumzia soko tu. Lakini soko hilo lilijengwa juu ya imani hiyo.

Dini hazikubali mgawanyo huo, na hapa ndipo naona wanateolojia walitatua kitu ambacho wasanifu wa michezo bado wanakihangaikia. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulum al-Din anauhesabu ukulima, ufumaji na hata kuumika kuwa fardhi kifaya: mji usipokuwa na mtu hata mmoja wa kazi hizo, wote wana dhambi. Mfumaji si mtu aliyeshindwa kuwa mwanachuoni. Ametekeleza faradhi kwa niaba ya mji mzima. Martin Luther, katika karne ya 16, aliwaambia Wajerumani kwamba mtawa hamkaribii Mungu kuliko fundi viatu anayefanya kazi yake kwa imani, akamtaja hata baba anayefua nepi za mtoto. Na Kurani inamwonyesha Daudi, aliyekuwa nabii na mfalme, akifundishwa kutengeneza deraya za chuma. Watu hawa hawakusema kila mtu ni nabii. Walisema thamani ya mtu haikuwekwa katika unabii tangu mwanzo, kwa hiyo asiyeitwa hajapungukiwa kitu. Ukishalishika hilo, ule mgongano wa uteule na usawa unalegea. Mteule hutumwa kwa wengine, na mara nyingi hakutaka: Musa alijitetea kwamba hana ufasaha, Yeremia kwamba ni kijana mno, Yona akapanda jahazi lielekealo upande mwingine. Uteule ni mzigo ambao mtu mmoja anautwikwa kwa faida ya jamii. Hata mchezo ule, katika mpango wake wa mwanzo, ulilijua hilo. Jedi aliyeonyesha uwezo wake hadharani aliwindwa na wachezaji wenzake kwa malipo, na aliyeuawa mara kadhaa alikuwa hatarini kumpoteza mhusika wake moja kwa moja. Aliishi kwa kujificha, akiwategemea daktari na mshonaji wasimsaliti.

Mtu aliyeisoma Injili atanipinga hapa, na pingamizi lake ndilo zito kuliko yote. Ataniuliza: malalamiko ya wachezaji wa zamani mwaka 2005 yana tofauti gani na ya wale vibarua wa shamba la mizabibu, waliofanya kazi tangu alfajiri wakanung'unika kuona aliyeajiriwa saa ya kumi na moja akilipwa dinari ileile? Je, si wivu tu wa mtu aliyeteseka kuona mwingine amepewa bure? Wapo waliolalamika kwa wivu, sikatai, na kwao jibu la mwenye shamba linatosha. Walikuwa wamekubali kugeuza kazi kuwa ngazi, na ngazi ilipoondolewa walibaki mikono mitupu. Lakini mfano ule hauwagusi waliokuwa wengi. Mfuga wanyama aliyeondolewa hakuwa akitafuta dinari. Alikuwa akifuga. Tena tazama mwenye shamba alifanya nini hasa: aliwakuta watu sokoni wakiwa hawana kazi kwa sababu hakuna aliyewaajiri, akawapeleka shambani, na jioni shamba lilikuwepo, zabibu zimechumwa, dinari ya wa kwanza haijapungua. Ukarimu wake uliwaongeza watu katika kazi. Kilichofanyika mwaka 2005 ni kugawa dinari getini na kung'oa mizabibu. Waliokuja baadaye hawakupewa kile walichokuwa nacho wa kwanza, maana kuwa Jedi katika mji ambao kila mtu ni Jedi ni kuvaa vazi lake tu.

Wapo watakaosema natetea ubaguzi, na wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Filamu ya mwaka 1999 iliufanya uwezo wa Jedi kuwa jambo la kupimwa kwa damu, na fundisho kwamba ukuu umo katika damu limeshaleta maafa makubwa duniani. Nakubaliana nao kabisa kuhusu damu. Ila dawa ya kosa hilo haiwezi kuwa kuwatia wote damu hiyohiyo, kwa sababu hapo bado tumekubali kwamba asiyekuwa nayo si kitu. Anayetaka usawa kweli atampa mcheza dansi nafasi ya kuponya kitu ambacho Jedi hawezi kukiponya. Star Trek Online, iliyofunguliwa mwaka 2010, ilimfanya kila mchezaji kuwa nahodha wa meli yake, na matokeo yake ni anga iliyojaa manahodha, huku mabaharia wao wote wakiwa vivuli vinavyoendeshwa na kompyuta. Sioni usawa hapo.

Pingamizi la wafanyabiashara linahitaji jibu la kweli pia, kwa sababu takwimu za muda haziko upande wangu. Star Wars Galaxies ilifungwa tarehe 15 Desemba 2011. Siku tano baadaye kampuni ya BioWare ilifungua Star Wars: The Old Republic, ambamo kila mchezaji ni shujaa wa hadithi iliyoandikwa kwa ajili yake na kusomwa na waigizaji wa sauti, na mchezo huo umeishi miaka mingi kuliko ule wa kwanza. Hata wapenzi waliofufua Star Wars Galaxies kwa seva zao wamegawanyika. Wapo walioirudisha ile ya mwanzo, na wapo walioirudisha ile ya baada ya 2005 nayo ikapata watu wake. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba uteule wa wote hauuziki. Unauzika. Ninachosema ni kwamba tuangalie unavyouzwa. Katika The Old Republic, mlangoni pa chumba ambamo tukio kubwa la hadithi yako litatokea, pametandazwa pazia la mwanga: kwako ni la kijani, kwa asiyehusika ni jekundu, hapiti. Maelfu ya watu wameambiwa na mabwana walewale wa Jedi kwamba wao ndio tumaini la galaksi, na ili neno hilo lisimfedheheshe mtu yeyote, kila mmoja ameambiwa akiwa chumbani mwake. Nabii anayehitaji kutenganishwa na watu ili aendelee kuwa nabii ametumwa kwa nani? Raha ya hadithi ipo, siidharau, lakini hiyo ni raha ya riwaya nzuri. Jamii iko nje ya pazia, sokoni, ambako kila tumaini la galaksi limepanga foleni.

Wengine wamejaribu kumwondoa mteule kabisa. The Matrix Online ya mwaka 2005 ilianza baada ya Neo, mteule wa filamu za The Matrix, kutoweka. Dune: Awakening, iliyotolewa na kampuni ya Norwei iitwayo Funcom mwaka 2025, imekwenda mbali zaidi kuliko yote: katika hadithi yake Bibi Jessica alizaa binti kama alivyoamriwa, kwa hiyo Paul Atreides, mwanawe na masihi wa riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, hakuzaliwa kamwe. Herbert mwenyewe aliiandika hadithi yake kuwa onyo dhidi ya viongozi wanaoabudiwa, hivyo uamuzi huo haumwendi kinyume. Na bila masihi, mchezaji katika jangwa la sayari ya Arrakis anajikuta mara moja katika kazi ya Owen: kukusanya umande kwenye majani alfajiri ili apate maji ya kunywa. Naona hapo pana uaminifu kuliko katika ahadi ya kumfanya kila mtu mkombozi. Hata hivyo si jibu kamili. Ulimwengu usioweza kumwita mtu yeyote umepoteza kitu ambacho Galaxies ilikuwa nacho kwa miezi michache ya 2003, pale mhunzi alipofanya kazi yake vizuri kwa ajili ya wateja wake, huku mlango asioujua ukiwa huenda uko wazi.

Hadithi za mteule zitaendelea kugeuzwa michezo, kwa kuwa fedha zipo na watu wanazipenda. Kwa wanaozisanifu nina ombi moja. Kabla ya kuamua nani atashika upanga wa mwanga, amueni mkulima wa unyevu atamuuzia nani maji yake, nani atamkosa asipokuja siku moja, na ni kitu gani shujaa hawezi kukifanya bila yeye. Mkishalijibu hilo, mteule awe mmoja au asiwepo, na msiufungue mlango wake kwa orodha ya kazi.